Kibao na Deni: Ukumbusho wa Haki katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Utangulizi

Mnamo tarehe 23 Aprili 1950, chama cha KAU na Kongresi ya Wahindi wa Afrika Mashariki vilifanya mkutano wa pamoja katika ukumbi wa mtaa wa Kaloleni, mashariki ya Nairobi. Katika mkutano huo Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alitoa hoja kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Wiki tatu baadaye, tarehe 15 Mei, yeye na mwenzake Fred Kubai walikamatwa, na siku iliyofuata wafanyakazi wa Nairobi walianza mgomo mkuu uliodumu siku 9. Kubai alikamatwa tena mwaka 1952 akahukumiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta na wenzao wanne. Makhan Singh hakuachiliwa hadi Oktoba 1961.

Ukumbi wa Kaloleni haukugeuka kuwa kaburi la tukio hilo. Umeendelea kuwa ukumbi wa mtaa, mahali ambapo watu hukutana kwa sherehe, kwa msiba na kwa mashauri. Hata hivyo, kwa miaka mingi sasa mitaa mikongwe ya Eastlands imekuwa ikizungumzwa kwa lugha mbili. Lugha ya kwanza ni ya mipango miji: nyumba ni kuukuu, ardhi ni ya thamani, zibomolewe yajengwe maghorofa. Lugha ya pili ni ya urithi: hapa ni mahali pa historia, pabandikwe kibao, watalii waletwe. Kwa kawaida lugha hizi mbili huchukuliwa kuwa ni mahasimu. Makala haya yanadai kwamba mahasimu hao wanaweza kukubaliana kwa urahisi kuliko inavyodhaniwa, maana zote mbili zaweza kumsahau mkazi. Swali linalochunguzwa hapa, basi, ni la kimaadili kabla ya kuwa la kihistoria: kumbukumbu ya haki iliyopiganiwa humdai nini yule anayekumbuka? Na je, kibao chaweza kuwa njia ya kulikwepa dai hilo?

Kukumbuka na Kukumbusha

Lugha ya Kiswahili yenyewe inatoa mahali pazuri pa kuanzia. Kitenzi kumbuka kimezaa nomino kumbukumbu, na kitenzi kumbusha kimezaa nomino ukumbusho. Tofauti baina ya nomino hizi si ndogo. Kukumbuka ni tendo ambalo mtu aweza kulifanya peke yake, hata usiku kitandani mwake. Kukumbusha kunahitaji watu wawili na jambo la tatu: kuna anayekumbusha, kuna anayekumbushwa, na kuna kinachokumbushwa. Katika matumizi ya kila siku, kinachokumbushwa mara nyingi ni ahadi au deni. Mtu hamkumbushi mwenzake jambo ambalo tayari limekwisha. Humkumbusha lile ambalo bado halijatimizwa. Kwa mintarafu hii, ukumbusho wa kweli una mkabala wa ana kwa ana ndani yake, na mkabala huo haukosi kumuudhi mmoja wa wahusika.

Kinyume chake, lugha ya vibao hupendelea kauli ya kutendwa na kiima cha mahali. Hapa palifanyika mkutano. Hapa palipiganiwa haki. Hapa aliuawa fulani. Sarufi ya sentensi hizi ni sahihi kabisa, lakini uadilifu wake una mashaka. Mahali ndipo panapokuwa mhusika mkuu, ilhali aliyenyima haki ametoweka katika sentensi. Haki ilipiganiwa dhidi ya nani? Fulani aliuawa na nani? Aidha, kiambishi cha wakati uliopita kinafunga mlango: ilipiganiwa, kwa hiyo ilipatikana, kwa hiyo shauri limekwisha. Mhakiki wa fasihi aliyezoea kuuliza ni nani msimulizi na ni nani aliyenyamazishwa hana budi kukisoma kibao kwa makini yaleyale anayoisomea riwaya.

Alamin Mazrui alipoupa mchezo wake wa mwaka 1981 jina la Kilio cha Haki, alichagua nomino inayodai msikilizaji. Kilio hakikamiliki mpaka kisikiwe. Wafanyakazi wa shamba wanaoongozwa na Lanina katika mchezo huo hawaelezwi kama watu waliokwisha kudai. Kila mchezo unapowekwa jukwaani wao hudai upya, mbele ya hadhira mpya ambayo haiwezi kujifanya kwamba haikusikia. Hilo ndilo linaloutofautisha mchezo na kibao: mchezo hukumbusha, ilhali kibao mara nyingi hukumbuka tu, tena kwa niaba ya wengine.

Kipande na Kibao

Kabla ya vibao vya urithi, Mwafrika wa Nairobi alikwisha kuujua mwandiko mwingine wa wenye mamlaka. Huo ni kipande, cheti cha usajili ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kukibeba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wengi wakikivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Kipande kilitaja jina la mtu, kabila lake, mwajiri wake na ujira wake. Bila saini ya mwajiri wa zamani, hapakuwa na kazi mpya; bila kazi, hapakuwa na haki ya kuwako mjini. Harry Thuku alikamatwa Machi 1922 kwa sababu, miongoni mwa mambo mengine, alikipinga kipande. Umati uliokwenda kudai aachiliwe ulipigwa risasi tarehe 16 ya mwezi huo mbele ya kituo cha polisi, na Muthoni Nyanjiru aliyewachochea wanaume waliosita akawa miongoni mwa waliouawa.

Kipande na kibao havifanani kwa nia, na ingekuwa ni kukosa haki kudai vinafanana. Lakini vyote viwili ni maandishi yanayotundikwa, kimoja shingoni na kingine ukutani, na vyote huandikwa na mtu mwingine asiyekuwa yule anayeelezwa. Kipande kilimweleza mfanyakazi bila kumuuliza. Kibao nacho kikiandikwa ofisini, kikaletwa mtaani siku ya sherehe na kuzinduliwa na mgeni wa heshima, kitakuwa kimerithi tabia hiyo: kitamsema mkazi mbele yake kana kwamba hayupo.

Majina kama Vibao Visivyoonekana

Si kweli kwamba Eastlands haina alama za kihistoria. Alama zake kuu ni majina ya mitaa, na majina hayo yanasomeka kama matini yenye waandishi wengi wasiokubaliana.

Kariokor ni tamko la Kiswahili la jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambamo makumi ya maelfu ya Waafrika walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina hilo halikuandikwa na mamlaka yoyote. Ulimi wa watu ndio uliolifinyanga. Burma ni kumbukumbu ya askari wa Vita vya Pili waliopelekwa kupigana Asia. Shauri Moyo ni mtaa uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya baadhi ya watu waliohamishwa kutoka kijiji cha Pangani, kijiji cha nyumba zilizokuwa mali ya Waafrika wenyewe, ambacho kilibomolewa. Jina la mtaa huo husomeka kama ushauri na kama lalamiko kwa pamoja: uhame au usihame, shauriana na moyo wako. Maneno mawili yamehifadhi uhamisho mzima, pamoja na kejeli yake.

Kisha kuna majina ya miaka ya Hali ya Hatari. Mtaa wa Mbotela unamkumbuka Tom Mbotela, makamu wa rais wa KAU aliyepinga njia ya silaha na kuuawa Novemba 1952. Mitaa ya Ofafa inamkumbuka Ambrose Ofafa, diwani wa jiji na kiongozi katika Umoja wa Wajaluo, aliyeuawa mwaka 1953. Mauaji yote mawili yalihusishwa na Mau Mau, na majina yao yaliwekwa na mamlaka ya jiji wakati vita vikiendelea. Hivyo basi, ukoloni ulikwisha kuelewa nguvu ya ukumbusho kabla ya Uhuru: uliwachagua wafu wake na kuwaandika katika ramani ya makazi ya Waafrika.

Hapa msomaji wa fasihi ya Kiswahili hawezi kupita bila kutua. Baba yake Tom alikuwa James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu cha mwaka 1934 ambacho wahakiki wamekijadili kwa muda mrefu kwa sababu kinausimulia uhuru kama zawadi: Mwingereza anatoa, mtumwa anapokea na kushukuru. Mtazamo huo haukuwa wa Mbotela peke yake. Ndio uliokuwa msamiati rasmi wa dola. Lakini ukiuweka kando ya hoja ya Kaloleni ya mwaka 1950, tofauti inajitokeza waziwazi. Makhan Singh hakuomba zawadi, alidai. Zawadi humfanya mpokeaji kuwa na wajibu wa shukrani. Deni humfanya mdaiwa kuwa na wajibu wa kulipa. Historia ya haki yoyote yaweza kuandikwa kwa msamiati wowote kati ya hiyo miwili, na uchaguzi huo ndio kiini cha siasa ya ukumbusho.

Baadaye lilikuja jina la Kimathi, na mtaa wenye jina hilo hauko mbali na ule wa Mbotela. Aliyeongoza vita vya msituni na aliyeuawa kwa kuvipinga wamekuwa majirani. Jambo hili laweza kuitwa mkanganyiko, lakini huenda ndilo jambo la kweli kuliko yote katika ramani ya Nairobi. Mbotela naye alidai haki, kwa njia yake. Watoto wa mitaa hiyo wamekua wakiyatamka majina yote mawili bila kulazimika kuchagua. Kibao hakina subira hiyo. Kina nafasi ya mistari michache, na mistari michache hutaka shujaa mmoja.

Vibao vya Katikati ya Jiji

Linganisha majina hayo na sanamu zilizosimamishwa mahali ambapo mgeni hupita. Katika barabara iitwayo leo Kenyatta Avenue, sanamu ya askari ya mwaka 1928 ina maneno ya Rudyard Kipling yanayowaahidi Waafrika walioitumikia vita kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Sanamu yenyewe haitaji jina hata moja. Wapagazi wanasifiwa kuwa mikono na miguu ya jeshi. Sifa hiyo ni ya viungo, si ya watu. Jina la Kariokor, lisiloandikwa kwenye shaba, limewahifadhi wapagazi kwa uaminifu zaidi kuliko shaba hiyo.

Ukumbusho wa Uhuru Park, uliozinduliwa tarehe 12 Septemba 2015, ni wa namna nyingine na unastahili heshima. Ulitokana na kesi ya wazee waliolishitaki taifa la Uingereza. Mwezi Juni 2013 serikali ya nchi hiyo ilikubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, ikatamka majuto, lakini ikaendelea kukana wajibu wa kisheria. Sanamu ya mwanamke anayempa mpiganaji chakula huku kila mmoja akiangalia kando ili asiweze kumsaliti mwenzake ni sanaa yenye kina. Hata hivyo, maandishi yake yanawataja waathiriwa wa mateso ya enzi ya ukoloni katika miaka ya 1952 hadi 1960. Ukoloni umepewa umri wa miaka 8. Muthoni Nyanjiru wa mwaka 1922 yuko nje ya mabano hayo; kijiji cha Pangani kiko nje; mgomo wa Mei 1950 uko nje. Aidha, ukumbusho unazungumza kwa lugha ya upatanisho, na upatanisho uliogharimiwa na mdaiwa anayekana deni unakaribia kuirudisha haki katika msamiati wa zawadi.

Mahali pa sanamu hizi pia pana maana. Operesheni Anvil ya tarehe 24 Aprili 1954 iliizingira mitaa ya Waafrika ya mashariki. Watu walipangishwa foleni mbele ya wasaliti waliofunikwa magunia vichwani, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa kizuizini. Lakini ukumbusho uko upande wa pili wa jiji. Sanamu ya Tom Mboya, iliyozinduliwa mwaka 2011, ina sababu ya kuwa katikati, kwa kuwa alipigwa risasi karibu na hapo mwaka 1969. Kwa nyingine, sababu iliyo dhahiri ni kwamba zimewekwa palipo na macho ya wapita njia na ya wageni. Jiji lililogawanywa kwa rangi, magharibi kwa Wazungu na mashariki kwa Waafrika, limeendelea kuugawa hata ukumbusho wake.

Mgeni na Mwenyeji

Je, dawa ni kuvipeleka vibao Kaloleni na kuwaita watalii wavifuate? Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hii haiupuuzi utalii, inaupa sharti. Ujio wa mgeni unahalalishwa na nafuu anayoipata mwenyeji. Kijana wa Eastlands anayewatembeza wageni mtaani kwake na kupata mlo wa siku hafanyi kosa lolote, na mhakiki aliyeshiba hana haki ya kumdhihaki. Zaidi ya hayo, mgeni anayesikiliza aweza kuwa shahidi. Tatizo linazuka pale mwenyeji anapokuwa sehemu ya mandhari, au pale anapoondolewa ili mandhari ipendeze.

Mfano wa mbali unasaidia kuliona jambo hili. Mjini Memphis, Marekani, hoteli ya Lorraine ambako Martin Luther King aliuawa tarehe 4 Aprili 1968 iligeuzwa kuwa jumba la makumbusho la harakati za haki za kiraia, likafunguliwa mwaka 1991. Ili ligeuzwe, wapangaji walipaswa kuondoka. Mpangaji wa mwisho, mwanamke aliyetolewa kwa nguvu mwaka 1988, aliketi nje ya jengo hilo kwa miaka mingi akilalamika kwamba maskini ambao King alikufa akiwapigania wamefukuzwa kwa jina lake. Jumba hilo limewafunza watu wengi sana, na ubora wake haukanushiki. Lakini mwanamke yule alikuwa maonyesho ambayo jumba halikuweza kuyaingiza ndani. Yeye alikuwa akikumbusha. Jumba lilikuwa likikumbuka.

Kuna pingamizi la haki linaloweza kutolewa hapa. Pasipo kibao, wazee hufa na masimulizi yao hufa nao. Na mbomoaji hufurahi anapoambiwa kwamba jengo halina maandishi yoyote. Kusifu kumbukumbu ya mdomo huku ukuta ukiangushwa ni anasa ya wasomi. Pingamizi hili lina uzito, na makala haya hayalikatai. Yanachokataa ni dhana kwamba kuhifadhi ukuta ni sawa na kuhifadhi kilichosemwa ndani yake. Ukumbi wa Kaloleni unaweza kupakwa rangi, ukawekewa kibao na ukazungushiwa kamba, kisha nyumba zilizouzunguka zikabomolewa na wapangaji wake wakatawanywa. Hapo urithi na ubomoaji vitakuwa vimepeana mikono.

Deni Lililo Wazi

Ni lazima ikumbukwe ni haki gani hasa ilidaiwa katika mitaa hii. Haikuwa kura peke yake. Tarehe 30 Machi 1950 Nairobi ilipopewa hadhi ya jiji kwa sherehe ya kifalme, muungano wa vyama vya wafanyakazi ulitoa mwito wa kususia. Kisa chake kilieleweka: jiji lilikuwa likijisherehekea wakati waliolijenga walihesabiwa kuwa wapita njia, watu wa kukaa kwa idhini na kuondoshwa kwa amri. Haki iliyodaiwa ilikuwa ile ya msingi kabisa, haki ya kuwa mwenyeji wa mahali unapoishi.

Dai hilo halijafungwa. Mwaka 2010, mwaka uleule ambao Katiba mpya ilitambua haki ya makazi bora, nyumba za Muthurwa, mtaa wa wafanyakazi wa reli, zilianza kubomolewa wapangaji wakiwa bado wamo. Wakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilikuwa zimekiukwa, ikahimiza pawe na sheria ya kuongoza uhamishaji wa watu. Uamuzi huo hauna sanamu. Lakini kwa mizani ya makala haya, wapangaji waliosimama mbele ya jaji ni warithi halisi wa mkutano wa Kaloleni kuliko mgeni yeyote wa heshima atakayekata utepe, kwa sababu wao hawakuinukuu haki, waliitumia.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba ukumbusho wa haki hutofautiana na ukumbusho wa ushindi wa vita au wa kuzaliwa kwa mtu mashuhuri. Vita huisha na mtu huzaliwa mara moja, lakini haki ni ahadi inayopaswa kutimizwa kila siku. Anayeiandika kwa wakati uliopita tu anakuwa ameikana huku akiisifu. Kutokana na hayo, kibao chochote kitakachotundikwa Eastlands chaweza kupimwa kwa maswali matatu. Je, kinamtaja mtenda, au kinajificha nyuma ya kauli ya kutendwa? Je, kimeandikwa pamoja na wakazi, au kimewaandika kama kipande kilivyowaandika babu zao? Na je, siku mgeni atakapokuja kukisoma, mwenyeji atakuwa bado yupo wa kumfungulia mlango?

Dawa ya deni ni kulipa. Kibao si malipo. Kwa ubora wake wote, ni hati ya deni, na hati ya deni hupoteza maana anapofukuzwa yule anayeidai. Maadamu Kaloleni ina wakazi wanaokutana ukumbini kushauriana juu ya nyumba zao, hoja ya tarehe 23 Aprili 1950 bado iko mezani. Siku watakapoondolewa, ukumbi ukabaki peke yake na maandishi yake ya shaba, jiji litakuwa limepata kumbukumbu na kupoteza ukumbusho.